Mtaka Besi Aanzie Chini

Kijana aliyepata gitaa la besi kwa mara ya kwanza hukabiliwa na swali ambalo watu wazima wengi hulidharau: aanze na wimbo gani? Swali hilo huonekana dogo, lakini mara nyingi ndilo linaloamua kama chombo kile kitakuwa nyenzo ya msanii au pambo la ukutani lililojaa vumbi. Leo tunapenda kulizungumza kwa urefu, na tutalizungumza kwa kuuangalia muziki ambao umewavutia vijana wa nchi nyingi kwa zaidi ya nusu karne, nao ni ule uitwao hevi metali, yaani muziki wa chuma kizito.

Tunajua kuwa wapo wazee wetu, na hata maofisa wenzetu, ambao wakilisikia jina hilo hukunja uso. Wao huona kelele, mavazi meusi na nywele ndefu. Hatukusudii kumlazimisha mtu kupenda asichokipenda. Tunalosema ni kwamba kijana aliyejifunza muziki wa aina moja kwa utaratibu huwa amejifunza adabu inayohitajika katika muziki wa kila aina, na kijana aliyejifunza ovyo hataufaa muziki wowote, uwe wa kwao au wa kwetu. Basi tusianze kwa kuuliza kama kijana amechagua muziki wa kigeni. Tuanze kwa kuuliza kama anaujenga mkono wake kwa ngazi, au anarukia kileleni.

Muziki huu haukuzaliwa katika majumba ya matajiri. Chimbuko lake kubwa ni Birmingham, mji wa viwanda wa Uingereza, ambako mwaka 1968 vijana wanne wa tabaka la wafanyakazi, kutoka mtaa wa Aston, waliunda kundi lililokuja kuitwa Black Sabbath. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na umri wa miaka 17 alipokatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati. Kwa kuwa alikuwa akipiga kwa mkono wa kushoto, vidole vilivyokatika vilikuwa vya mkono ule ule wa kubonyezea nyuzi. Hakuacha. Aliyeyusha plastiki ya chupa, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akatafuta nyuzi nyepesi, akaendelea. Mpiga besi wao, Geezer Butler, hakuanza na besi. Alikuwa mpiga gitaa la kawaida, na aliihamia besi kwa sababu kundi lilimhitaji huko. Hao ndio waliotia msingi. Walianza na walichokiweza, wakakifanya vizuri.

Kabla ya kutaja nyimbo, hapana budi tueleze kazi ya besi yenyewe. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne, ambazo kutoka nzito hadi nyembamba hufungwa kwa sauti za E, A, D na G. Uzi mzito kabisa, ukipigwa wazi, hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Sauti hiyo ni ya chini mno, hata msikilizaji asiye makini huihisi kifuani kabla ya kuitambua kwa sikio. Kazi yake ni kuiunganisha ngoma na gitaa. Besi ikiyumba, kundi zima huyumba, ijapokuwa msikilizaji hawezi kusema kosa liko wapi. Ni kama msingi wa nyumba. Mgeni husifu mlango na madirisha, na msingi hukumbukwa siku ukuta unapopasuka.

Wapenzi wa taarab wanakijua vyema tunachokisema. Ile besi kubwa ya kusimama, ambayo imekaa nyuma ya wapiga fidla katika vyama vyetu vikongwe, kwa kawaida hufungwa kwa sauti hizo hizo nne, E, A, D na G. Kwa hiyo kijana anayejifunza gitaa la besi, hata akiwa anapiga nyimbo za Birmingham, anajifunza ramani ile ile anayoitumia mzee wa taarab. Tofauti ni kuwa gitaa la besi lina vyuma vidogo vilivyokatiza shingoni, vinavyomwonesha mahali pa kubonyeza, na besi ya kusimama haina. Mwenye busara ataona kuwa hiki ni kidato cha kwanza kuelekea kile.

Sasa tuje kwenye uchaguzi. Kosa la kawaida ni kijana kuchagua wimbo anaoupenda kuliko zote, na mara nyingi huo huwa mgumu kuliko zote, maana kilichomvutia ni umahiri wa mpigaji. Hujaribu kwa wiki mbili, vidole vinafura, wimbo hautoki, na mwisho anasadiki kuwa hakuzaliwa na kipaji. Ukweli ni kuwa hakukosa kipaji. Alichokosa ni mpango. Sisi tuliopita chuoni tunalielewa jambo hili bila ya kuelezwa sana. Mwalimu hakumkabidhi mtoto sura ndefu siku ya kwanza. Alimwanzisha na herufi, kisha irabu, kisha sura fupi za Juzuu Amma, ambazo katika msahafu ziko mwishoni. Mpangilio wa kusoma ulifuata uwezo wa ulimi wa mtoto. Hatulinganishi kilicho kitukufu na kisichokuwa hivyo. Tunalinganisha njia ya kufundisha, na njia hiyo imethibitika kwa karne nyingi.

Kwa mpiga besi anayeanza, tunapendekeza vipimo vinne vya kuchagulia wimbo.

Kipimo cha kwanza ni kuwa besi isikike. Katika muziki huu gitaa lina mkwaruzo mkubwa na huweza kuifunika besi kabisa. Mfano mashuhuri ni santuri ya kundi la Marekani la Metallica iitwayo ...And Justice for All, iliyotoka mwaka 1988, ambamo besi iliteremshwa sauti hata wasikilizaji wakalalamika kuwa karibu haipo. Santuri hiyo ina sifa zake, lakini kumpa mwanafunzi ni sawa na kumpa kitabu kilichofutika wino.

Kipimo cha pili ni kuwa besi ifungwe kwa sauti za kawaida. Kuanzia santuri yao ya mwaka 1971, Master of Reality, Black Sabbath walianza kuzilegeza nyuzi katika nyimbo kadhaa ili sauti iwe nzito zaidi na vidole vya Iommi vipate nafuu. Makundi mengi yamefuata njia hiyo. Mwanafunzi akizilegeza nyuzi za kawaida, huanza kucheza ovyo na kugonga vyuma, na sauti huwa chafu. Kwanza ajue nyumbani, kisha asafiri.

Kipimo cha tatu ni kuwa wimbo uwe na jambo moja kuu la kufundisha, si mambo matano kwa pamoja. Na kipimo cha nne ni kuwa mwanafunzi aweze kuumaliza. Wimbo mmoja uliokamilika, mwanzo hadi mwisho, una thamani kuliko vipande kumi vya nyimbo kumi. Anayejua vipande huweza kuwashangaza rafiki zake kwa nusu dakika, lakini hawezi kusimama na wenzake jukwaani.

Kwa vipimo hivyo, hizi hapa nyimbo tano, kwa mpangilio wake.

Wa kwanza ni "Black Sabbath", wimbo ulioifungua santuri ya kwanza ya kundi hilo, iliyotoka Februari 1970. Fungu lake kuu, ambalo wapigaji huliita rifu, limesimama juu ya sauti tatu tu. Ya kwanza ni nzito, ya pili ni ile ile iliyopanda oktavu moja, na ya tatu hushuka na kukaa mahali ambapo sikio halipati utulivu. Mwendo wake ni wa polepole mno. Mtu atasema: sauti tatu ni kazi gani? Kazi iko katika kunyamaza. Mpiga besi hana budi auache uzi ulie kwa kipimo chake, kisha auzime kwa wakati wake, bila ya kuharakisha kwa sababu ya woga. Mwenye kuweza kupiga polepole pasi na kukimbia ameshavuka mlango mgumu. Butler mwenyewe huongeza mapambo kati ya sauti hizo, na mwisho wa wimbo mwendo huwa wa kasi. Mwanafunzi ayaache hayo kwa sasa, abaki na zile tatu.

Hapa mzazi anaweza kuingiwa na wasiwasi kwa jina la wimbo. Jina hilo lilitokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1963, na wimbo unasimulia mtu aliyeingiwa na hofu, anayetaka kuokolewa. Hausifu uovu. Na katika santuri ya pili ya mwaka huo huo wa 1970, kundi hilo lilitoa wimbo "War Pigs", unaowalaani wakubwa wanaoanzisha vita na kuwaacha maskini wakafe. Ulitoka wakati vita vya Vietnam vikiendelea. Tusihukumu kwa jalada. Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Wimbo wa pili ni "Iron Man", wa mwaka huo huo. Hapa besi na gitaa hutembea pamoja katika rifu moja, kwa mwendo wa mtu mzito anayepanda ngazi. Funzo lake ni kuuhamisha mkono wa kushoto juu ya shingo la chombo, kuteleza kutoka sauti moja hadi nyengine bila ya kuipoteza njia. Kwa kuwa gitaa linapiga sauti zile zile, mwanafunzi akikosea atajisikia mara moja. Mwalimu hayupo, lakini wimbo wenyewe unamsahihisha. Sehemu za katikati zenye kasi zingoje.

Wa tatu ni "Breaking the Law" wa kundi la Judas Priest, lililotokea eneo hilo hilo la Birmingham. Ulitoka mwaka 1980, hauzidi dakika tatu, na unamzungumzia kijana asiye na kazi aliyekata tamaa. Mpiga besi wake, Ian Hill, hatajwi sana na watu wanaopenda mbwembwe. Amekuwa na kundi hilo tangu siku zake za mwanzo, na sifa yake ni moja: hayumbi. Katika kila kipimo cha mapigo manne hugonga mara nane, sawa kwa sawa, akilifuata gitaa. Hilo ndilo funzo. Mkono wa kulia hujifunza kugonga kwa nguvu moja na nafasi moja. Asiyeujua uvumilivu wa namna hii huuona kuwa uvivu, lakini aliyewahi kupiga makasia kutoka nje ya mwamba hadi ufukweni anajua kuwa mashua husogezwa na mkono usiobadilika.

Wa nne ni "Paranoid", wa Black Sabbath, 1970. Uliandikwa kwa haraka kwa sababu santuri ilikuwa imepungua dakika chache, na ndio uliokuja kuwa mashuhuri kuliko karibu zote za kundi hilo. Nao hauzidi dakika tatu. Mapigo nane ya "Breaking the Law" yamo humu pia, lakini mwendo umepanda hadi kiasi cha mapigo 160 kwa dakika. Kwa hiyo haufundishi jambo jipya. Unalipima lile la zamani kwa kasi. Mkono ukikaza na kuuma kabla ya wimbo kwisha, dawa yake ni kurudi nyuma, kupunguza mwendo, na kulegeza bega. Asijilazimishe. Maumivu ya mkono si ushujaa.

Wa tano ni "For Whom the Bell Tolls" wa Metallica, wa mwaka 1984, uliochukua jina lake kutoka riwaya ya Hemingway. Mpiga besi alikuwa Cliff Burton, aliyefariki tarehe 27 Septemba 1986 nchini Sweden, akiwa na umri wa miaka 24, pale basi la kundi lilipopinduka njiani. Mwanzoni mwa wimbo besi yake imetiwa mkwaruzo na kupandishwa juu, hata wengi wakadhani ni gitaa. Kipande hicho ni cha baadaye. Mwanafunzi ashike lile fungu zito linalofuata. Mwendo ni wa wastani, na hapa kila kidole cha mkono wa kushoto, hata kile kidogo, hupata kazi yake.

Nyimbo tano hizi zikikamilika, kijana hatakuwa bingwa, lakini atakuwa mpiga besi. Ataweza kushika mwendo, kunyamaza kwa wakati, kuhama mahali na kuvumilia.

Ziko pia nyimbo za kuwekwa kando kwa heshima. "The Trooper" ya Iron Maiden, ya mwaka 1983, ni ya kuvutia sana, lakini Steve Harris huipiga kwa mwendo wa farasi anayekimbia, pigo moja kugawika mara tatu zisizolingana, na hufanya hivyo kwa vidole vitupu. "Ace of Spades" ya Motörhead, ya mwaka 1980, ni ya kasi kubwa, na marehemu Lemmy aliipiga besi yake karibu kama gitaa, kwa kugonga nyuzi zaidi ya moja kwa pamoja. Mtu huigiza njia hiyo baada ya kuijua ya kawaida, si kabla.

Na uko mmoja ambao watu wa visiwani wanastahiki kuujua kwa sababu nyengine. "Stone Cold Crazy" ni wimbo wa kundi la Queen wa mwaka 1974, na mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946. Queen si kundi la hevi metali, lakini wimbo huo ulikuwa na kasi na makali kiasi cha kuwafanya Metallica waurudie mwaka 1990, na mwaka uliofuata ukawapatia tuzo ya Grammy katika fungu la muziki wa metali. Kwa hiyo anayesema kuwa muziki huu hauna hata uzi mmoja unaotugusa hajatafuta vyema. Hata hivyo fahari isitupoteze. Wimbo huo ni wa kasi mno kwa anayeanza, na hata kwa ajili ya mtoto wa nyumbani hatuubadilishi mpangilio.

Ama kuhusu namna ya kufanya mazoezi, maneno yetu ni machache. Kijana apunguze mwendo wa wimbo hadi nusu, apige na metronomu au na mwenziwe anayempigia makofi, na asiongeze kasi mpaka apige mara tatu mfululizo bila ya kosa. Dakika 20 za kila siku zinazidi saa tatu za siku moja kwa wiki. Asitie mkwaruzo katika chombo chake, maana mkwaruzo huficha makosa kama kanga inavyofunika chungu kilichopasuka. Umeme ukikatika asiweke chombo chini. Katika chumba kimya, besi isiyo na umeme humtosha mpigaji mwenyewe kujisikia. Na sauti iwe ya kiasi. Jirani ana haki yake, na adhana ikisikika chombo kizimwe. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Mwisho tunasema na wenye dhamana. Vyombo vya muziki vinaponunuliwa kwa fedha za umma au kwa michango ya wananchi, kazi haimaliziki siku ya kukabidhiana na kupiga picha. Gitaa la besi lisilo na mpango wa mafunzo ni fedha iliyotupwa baharini, na hewa ya chumvi haichelewi kuziozesha nyuzi zake. Ofisa wa utamaduni anayetembelea kikundi cha vijana asiwaulize wanapenda muziki gani, wala asiwakemee kwa nguo zao. Awaambie: nipigieni wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho. Wakiweza, wanastahiki msaada zaidi. Wasipoweza, wanahitaji mwalimu, na huenda mwalimu huyo akawa mzee wa taarab anayeishi mtaa wa pili, mwenye miaka mingi ya besi vidoleni mwake na hakuna aliyemwendea.

Hilo ndilo kubwa lililoko nyuma ya jambo hili dogo. Kila chama cha taarab chenye besi kitahitaji siku moja mrithi wa mtu anayeipiga leo. Mrithi huyo hatatoka mbinguni. Huenda hivi sasa ni kijana aliyevaa fulana nyeusi, anayehangaika peke yake na wimbo wa kasi asiouweza, akikaribia kukiuza chombo chake. Akipata wa kumwambia aanze na sauti tatu za polepole, huenda tukampata. Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Besi ndiyo sauti ya mvunguni, na anayeitaka hana budi aanzie chini.